Linda Mwili, Linda Pumzi: Watu wa Yoga Wanatufundisha Nini?



Siku ya mapumziko, nenda hadi maporomoko ya Wagenia, pale mto Kongo unaposhuka juu ya mawe mbele ya mji wetu wa Kisangani. Simama kidogo, uwatazame wavuvi. Miti imesimamishwa katika mawe, mitego mikubwa iliyosukwa kama vikapu imetungikwa, na maji yanapita kwa kishindo. Mvuvi mzoefu hashindani na maji kwa hasira. Anatafuta mahali pa kuweka mguu, anavuta pumzi, ndipo anavuta mtego. Anajua kwamba pumzi ikikatika, nguvu ya mikono haina kazi tena.

Sasa jiulize: wewe kazini unaitunza pumzi yako namna hiyo? Tunatunza koleo, tunatunza taa, tunatunza buti. Pumzi tunaikumbuka siku inapopungua.

Leo tunataka kuzungumza juu ya mafundisho ya zamani ya nchi ya India yanayoitwa yoga, maana yanasema mengi juu ya mwili na pumzi. Vijana wengi wameyaona katika simu: mtu ameketi chini, amekunja miguu, amefumba macho. Wako wanaocheka. Wako wanaoogopa na kusema ni uchawi. Na wako wanaosema ni dawa ya kila ugonjwa, hata wa kifua. Hawa wa mwisho ndio wanaotutia wasiwasi zaidi, na mbele utaona kwa nini.

YOGA NI NINI?

Neno yoga ni la lugha ya Kisanskriti, lugha ya kale ya India. Maana yake ni kuunganisha, kama vile ng'ombe wawili wanavyofungwa katika nira moja ili walime pamoja. Kinachounganishwa ni mwili, pumzi, akili na roho, visivutane kila kimoja upande wake.

Zaidi ya miaka 1500 iliyopita mwalimu aitwaye Patanjali alipanga njia hiyo katika hatua nane. Ya kwanza ni mwenendo mwema kwa wengine: usidhuru, usiseme uongo, usiibe. Ya pili ni usafi na kuridhika. Ya tatu ni jinsi ya kuketi, yaani mwili. Ya nne ni pumzi. Baada ya hapo zinafuata hatua za akili: kutuliza macho na masikio, kukaza fikira, kutafakari, na mwisho ule utulivu mkubwa ambao wao wanautafuta. Angalia mpangilio huo. Mwizi anayejua kukunja miguu bado hajaanza yoga. Na mtu asiyejali mwili wake hana haraka ya kwenda kwenye mambo ya roho.

Watu wa India si wageni katika Afrika yetu ya mashariki. Kati ya mwaka 1896 na 1901, zaidi ya 30,000 kati yao waliletwa kujenga reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria, na wengi walifia kazini. Nao walikuwa wafanyakazi kama wewe. Lakini yoga imefika kwa Waafrika wengi baadaye sana. Nairobi, tangu mwaka 2007, shirika la Africa Yoga Project limewafundisha vijana wa mitaa ya watu maskini mpaka wakawa walimu wenyewe. Mwaka 2014 Umoja wa Mataifa uliitangaza tarehe 21 Juni kuwa siku ya yoga duniani. Mwaka 2016, katika mkutano wa Addis Ababa, UNESCO iliitia yoga katika orodha ya urithi wa wanadamu, orodha ile ile iliyopokea rumba yetu ya Kongo mwaka 2021.

MTU NI KAMA MGODI

Wahindi wana kitabu cha kale sana kiitwacho Taittiriya Upanishad. Kinafundisha kwamba mtu ana mavazi matano, moja ndani ya lingine, kama maganda ya kitunguu.

Vazi la kwanza, la nje, ni mwili wa chakula. Ndio huu unaoushika: nyama, mifupa, damu. Unaitwa hivyo kwa sababu umejengwa na chakula. Lituma, pondu na samaki ulivyokula jana ndivyo vinavyoinua nyundo leo.

La pili ni mwili wa pumzi, ambao wengine wanauita mwili wa nguvu. La tatu ni fikira na hisia. La nne ni ufahamu, ule unaopima na kukata shauri. La tano ni furaha. Ndani ya yote, wanasema, ndimo alimo mtu mwenyewe.

Mchimbaji anaweza kuelewa jambo hili upesi kuliko mwenye digrii. Fikiri juu ya shimo unamofanya kazi. Lina kuta na nguzo: huo ni mwili wa nyama. Lina hewa inayoingia na kutoka: hiyo ni pumzi. Lina taa na alama: hizo ni fikira. Lina msimamizi anayesema endeleeni au tokeni: huo ni ufahamu. Nguzo zinaweza kuwa imara, taa zikawaka vizuri, msimamizi akawa mtu hodari. Lakini hewa ikikatika, wote watatoka mbio, au hawatatoka.

MWILI SI ADUI WA ROHO

Walikuwako India watu waliodhani kwamba mwili ni kizuizi tu, wakautesa kwa njaa na kwa jua. Walimu wa yoga ya mwili, iitwayo hatha yoga, waliona vingine. Kitabu chao kimoja, Gheranda Samhita, kinaufananisha mwili na chungu kibichi. Ukitia chungu kibichi majini kinalowa na kubomoka. Lazima kwanza kichomwe motoni. Vivyo hivyo mwili uimarishwe kwanza, ndipo uweze kubeba mambo ya roho.

Ndugu, hapa pana neno kwako, hata kama hutaki kuketi chini na kufumba macho maisha yako yote. Mara nyingi tunasikia mtu akijisifu: "Mimi mwili wangu ni wa kazi tu, hauchoki." Anainua mzigo wa watu wawili peke yake. Anakataa maski kwa sababu inatia joto. Anadhani huo ndio uanaume. Mashini ikiharibika, kampuni italeta nyingine. Mwili ukiharibika, hakuna bohari inayoweka wa akiba.

MWILI WA PUMZI

Nguvu ya uhai Wahindi wanaiita prana. Wanasema inapita katika njia nyembamba ziitwazo nadi. Kitabu cha karne ya 15 kiitwacho Hatha Yoga Pradipika, cha mwalimu Svatmarama, kinahesabu njia 72,000. Tatu ni kubwa: moja ya kushoto, moja ya kulia, na moja ya katikati inayofuata uti wa mgongo. Juu ya ile ya katikati kuna vituo, chakra, ambavyo watu wengi wa leo wanavihesabu kuwa saba, kuanzia chini ya mgongo hadi utosini. Orodha hiyo ilienea Ulaya baada ya John Woodroffe, jaji Mwingereza aliyefanya kazi India, kutoa kitabu juu yake mwaka 1919. Mwana yoga anataka nguvu iliyolala chini ya mgongo iamke na kupanda hadi juu. Kwake hiyo ni safari ya roho, si mchezo wa viungo.

Je, vitu hivi viko kweli? Tuseme wazi. Daktari akipasua mwili haoni nadi wala chakra. Anaona mishipa ya damu, neva na mapafu. Wenye yoga wanajibu kwamba hiyo ni ramani ya mambo ambayo mtu anayahisi ndani yake akitulia, wala si ramani ya nyama. Mtu anaweza kukubali au kukataa. Ni imani yao, na kila mmoja wetu ana ya kwake: Mkatoliki, Mprotestanti, Mkimbangu, Mwislamu.

Lakini wazo lenyewe, kwamba uhai ni nguvu inayoweza kuongezeka na kupungua, si geni kwetu. Mwaka 1945 padri Placide Tempels, Mbelgiji aliyeishi kati ya Waluba wa Katanga, alitoa kitabu juu ya filozofia ya Wabantu, na nguvu ya uhai ndiyo nguzo yake. Wanafilozofia wa Kiafrika walimpinga baadaye, wakasema asiwatie Waafrika wote katika mfuko mmoja. Hata hivyo padri huyo huyo, miaka ya 1950, alipokuwa kati ya wafanyakazi wa migodi wa Kolwezi, alianzisha pamoja nao Jamaa, mume na mke wakisali na kuzungumza pamoja juu ya uhai, uzazi na upendo. Wachimbaji wa Kongo walifikiri sana juu ya nguvu za mtu zamani kabla ya simu kutuletea picha za yoga.

Na lugha yetu inajua. Pumzi, kupumua, kupumzika: ni ndugu wa tumbo moja. Asiyepumua vizuri hapumziki.

DAKTARI ANASEMA NINI?

Mtu mzima aliyetulia anapumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Kwa siku ni zaidi ya mara 17,000. Hewa inafika katika vifuko vidogo sana ndani ya mapafu, zaidi ya milioni 300. Hapo damu inachukua oksijeni na kuacha hewa chafu.

Moyo hujiendesha wenyewe, tumbo pia. Pumzi nayo hujiendesha, lakini wewe unaweza kuishika usukani. Ukipumua polepole, na kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta, neva zinapeleka habari: hatari imepita. Moyo unapunguza mwendo. Mabega yanashuka. Hasira inapoa. Watu wa yoga walilijua jambo hilo kwa kujaribu, karne nyingi kabla ya vyombo vya kupima. Svatmarama aliandika kwamba pumzi ikitikisika akili nayo hutikisika, na pumzi ikitulia akili hutulia.

Mgongo pia umepata shahidi. Mwaka 2017 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kiliitaja yoga kati ya njia za kujaribu kwanza, kabla ya vidonge, kwa mtu mwenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu. Kwa mtu anayeinama siku nzima, hiyo si habari ndogo.

VUMBI HALISIKII MAZOEZI

Sasa tumefika penye jambo lenyewe.

Kuna mtu unayemjua. Labda ni jirani yako, labda ni wewe. Usiku anakohoa, anageukia ukutani ili mke wake asisikie. Asubuhi anakunywa chai ya moto na kwenda kazini. Akipanda mlima anasimama katikati, anajifanya anafunga kamba za buti. Anaogopa kwenda kwa daktari. Anajiambia: "Wakipiga picha ya kifua changu, nitaondolewa. Watoto watakula nini? Nani atalipa shule?"

Siku moja mtu huyo anasikia kwamba kuna mazoezi ya pumzi yanayosafisha mapafu. Anafurahi sana. Amepata dawa isiyohitaji daktari wala karatasi.

Ndugu yangu, hofu yako tunaielewa, haina aibu. Lakini dawa hiyo ni ya uongo.

Mwamba wenye dhahabu mara nyingi ni wa kwatzi, na kwatzi ni silika. Ukitobolewa au kupondwa unatoa vumbi. Vumbi unaloliona linaanguka chini. Linaloua ni lile usiloliona, chembe zisizofika sehemu ya mia moja ya milimita. Chembe hizo zinapita puani, zinapita kooni, zinafika katika vile vifuko na kubaki humo. Mapafu yanatia kovu kuzizunguka, na kovu halipumui. Ugonjwa huo unaitwa silikosi. Hauna dawa ya kuuponya, na unaweza kuendelea hata baada ya mtu kuacha kazi. Unamfungulia mlango ugonjwa wa kifua kikuu. Tena tangu mwaka 1997 shirika la kimataifa la uchunguzi wa saratani limeitaja silika hiyo kuwa inaleta saratani ya mapafu.

Hakuna pumzi ndefu inayoweza kuitoa chembe ya jiwe iliyokwisha kunasa. Kinyume chake, ukivuta pumzi kwa nguvu mahali penye vumbi unajilisha sumu zaidi.

Na kitabu cha yoga chenyewe kinakubaliana nasi. Svatmarama anaonya kwamba pumzi izoezwe polepole, kama vile mtu anavyomfuga simba, tembo au chui milia. Mwenye haraka atauawa na mnyama wake. Anasema pia kwamba ukikosea mazoezi ya pumzi utapata kikohozi, pumu na maumivu ya kichwa. Mwalimu wa karne ya 15 aliogopa kuharibu pumzi. Sisi tutaogopaje picha ya kifua zaidi ya kifua chenyewe?

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Mwamba utobolewe kwa maji. Mawe yalowanishwe kabla ya kupondwa au kufagiliwa. Vumbi lililolowa haliruki.

2. Vaa maski ya vumbi iliyokaa sawasawa usoni. Leso iliyofungwa puani haizuii chembe ndogo.

3. Hewa ikiwa nzito, kichwa kikiuma, taa ya moto ikififia, toka, na uwatoe wenzako. Hakuna zoezi la kuvumilia hewa mbaya.

4. Kikohozi kikipita wiki mbili, nenda dispansari, upimwe makohozi na kifua. Kifua kikuu kinapona, mara nyingi kwa dawa za miezi 6 zisizokatizwa. Silikosi haiponi, lakini anayeondolewa vumbini mapema ana nafasi nzuri kuliko anayengoja.

5. Usiende peke yako kama unaogopa. Fuatana na mjumbe wa wafanyakazi, uliza haki za mtu aliyeugua kwa sababu ya kazi, na uliza kama kuna kazi nyingine mbali na vumbi.

Nawe msimamizi, usimcheke anayekohoa. Ukimcheka mmoja, kumi wataficha.

ZOEZI LA DAKIKA TANO

Yale yanayofaa tuyachukue. Baada ya kazi, ukiisha kuoga, kaa mahali penye hewa safi, chini ya mwembe wa lopango yako kwa mfano.

Keti juu ya kiti au mkeka, mgongo umenyooka, mabega yamelegea. Weka mkono mmoja juu ya tumbo. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu polepole hadi 4, mkono uinuke. Toa pumzi ukihesabu hadi 6, mkono ushuke. Usibane pumzi. Rudia kwa dakika tano. Ukisikia kizunguzungu, acha, upumue kama kawaida.

Kisha simama, inua mikono juu, ujinyooshe kama mtu anayeamka. Piga magoti na kuweka mikono chini, ukunje mgongo kama paka, ukaunyooshe tena, mara 10 bila haraka. Mahali panapouma usipalazimishe.

Mama mjamzito, mwenye moyo mgonjwa, na mwenye damu inayopanda, wamwulize daktari kwanza. Wala usifanye zoezi hili mbele ya mashini inayozunguka au ukiwa juu ya pikipiki, maana linaweza kuleta usingizi.

Wazazi, waambieni watoto jambo hili pia: kupumua haraka haraka mara nyingi kabla ya kupiga mbizi mtoni ni hatari ya kufa. Mtoto haoni haja ya kupumua, anazimia chini ya maji bila kupiga kelele. Mto Tshopo na mto Kongo haurudishi mtu kwa urahisi.

MAMA, NYUMBA NAYO INAPUMUA

Vumbi la kazi linafuata nguo hadi nyumbani. Baba akifika, nguo za kazi zibaki nje. Usizikung'ute, bali zilowanishe kwanza, uzifue mbali na nguo za watoto. Mama unayetwanga mawe kutafuta dhahabu, yalowanishe, na mtoto usimbebe mgongoni wakati huo. Mapafu yake ni madogo, na anapumua mara nyingi kuliko wewe.

Na ukimsikia mumeo anageukia ukuta kukohoa, usinyamaze kwa heshima. Mshike mkono, mwende pamoja kupimwa.

Ndugu msomaji, kama njia ya yoga inafika kweli hadi mwisho wa safari ya roho, hilo tunawaachia wenye kuifuata. Neno lao la mwanzo linatutosha kwa leo: hakuna anayefika mbali kwa kuukanyaga mwili wake. Kesho asubuhi, kabla hujavaa kofia ya kazi, simama mlangoni, uvute pumzi moja ya polepole. Kama inaingia hadi chini bila kukwama, shukuru, uvae maski yako. Kama inakwama, usiende shimoni. Nenda dispansari.

Kazi ni ya kesho pia. Pumzi ikiisha, haiazimwi kwa jirani.